Maswali yenu: Stadi zipi umwandikie mtu ambaye bado hajapatikana?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ndo naanza kupanga miradi na nimepewa programu ya kupangia, timu bado haijaundwa kwa hiyo kwenye ratiba nimeweka majina ya kubuni, kuna Programa 1, Programa 2, Mchambuzi na Mpimaji. Meneja akaniambia niwawekee ujuzi ili baadae programu initafutie watu halisi. Nimewajazia kila kitu nilichoona kinafaa, nikabonyeza kitufe cha kutafuta wanaolingana, ikarudisha sifuri. Ofisini tuko watu arobaini! Nimekosea wapi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na usiumie roho, hiyo sifuri imewakuta wengi na mara nyingi programu haijaharibika, imekujibu kile kile ulichoiuliza.

Niwaeleze kwanza na wengine ambao hawajakutana na kitu hiki. Kishika nafasi ni jina la kazi linalokaa kwenye ratiba mahali ambapo baadae litakaa jina la mtu, yaani unajua utahitaji mpimaji kwa wiki tatu ila hujui atakuwa nani, basi unaandika "Mpimaji", unampa saa zake na gharama yake, mipango inaendelea. Kila programu ina jina lake, kwenye Microsoft Project ni rasilimali ya kawaida iliyowekewa tiki kwenye kiboksi cha Generic, kwenye Primavera P6 wanaita Role, kwenye Float imeandikwa Placeholder moja kwa moja. Ukishaweka ujuzi juu ya hilo jina ndo unaipa programu cha kutafutia.

Sasa shida iko hapa. Ukiandika stadi tano, kwa kawaida utafutaji haumtafuti mtu mwenye mojawapo, unamtafuta mwenye zote tano kwa pamoja. Kwa hiyo kila stadi unayoongeza inapunguza watu, hakuna hata moja inayowaongeza. Chukulia katika watu wako 40 wanaojua databezi ni 14. Ukaongeza kwamba awe amefanya kazi za wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia intaneti, wanabaki 6. Ukaongeza lugha fulani ya programu, wanabaki 2. Ukataka kiwango cha juu kabisa, anabaki mmoja, ukamalizia na cheti, hakuna mtu tena. Na hata yule mmoja angebaki bado ungekuta kalenda yake imejaa mradi mwingine. Hakuna hatua hata moja hapo uliyoomba kitu cha ajabu, kila kimoja kinaeleweka kikiwa peke yake, ndo maana kosa hili halionekani mpaka ubonyeze kitufe.

Kipimo ninachotumia mimi ni kimoja tu, kila stadi naiuliza: mtu asipokuwa nayo, kazi hii itasimama, au itachelewa siku mbili tatu wakati anajifunza? Ya kusimamisha kazi naiandika kwenye stadi. Ya kuchelewesha siku mbili naiandika kwenye maelezo ya pembeni, pale ambapo binadamu atasoma lakini mashine haitachuja nayo. Mara nyingi ukifanya hivyo unabakiwa na stadi moja au mbili, na wala usione aibu kwamba ni chache.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo maana niliwahi kuharibu mwenyewe. Kuna mradi niliandaa kishika nafasi cha mchambuzi, na nikiwa naandika stadi zake kichwani nilikuwa namwona mwenzangu mmoja ambae nilijua tu ndo atakaekuja, kwa hiyo niliandika kila anachokijua yeye, mpaka ile programu ya kuchora michoro aliyokuwa anaipenda. Wiki mbili kabla ya kuanza akaacha kazi. Nikatafuta mbadala, sikupata mtu hata mmoja, na nilihangaika siku nzima nikidhani ofisi haina wachambuzi kumbe nilichokuwa nimeandika ni picha ya mtu mmoja, na picha ya mtu inalingana na mwenyewe tu. Nilipofuta stadi zote nikabakiza mbili zilizotokana na kazi yenyewe, walijitokeza watatu. Tangu siku hiyo nikianza kuandika stadi naangalia orodha ya kazi kwenye ratiba, simwangalii mtu.

Ila kabla hujafuta chochote fanya jaribio hili dogo. Bakiza stadi moja tu ambayo una uhakika watu kibao wanayo, halafu tafuta tena. Wakija, basi ulikuwa umejaza mno kama nilivyoeleza. Ikiwa bado ni sifuri, tatizo haliko kwa kishika nafasi chako, liko upande wa pili, kwenye rekodi za watu. Pengine hazijajazwa kabisa, au zimejazwa kwa maneno mengine, wewe umeandika "databezi" mwenzako kaandika "SQL" na wa tatu kaandika jina la bidhaa, nyinyi watatu mnaelewana vizuri lakini kwa programu hayo ni mambo matatu tofauti. Dawa yake ni orodha moja ya kuchagua, mtu asiandike kwa mkono wake, achague tu, na orodha iwe ile ile kwa watu halisi na kwa vishika nafasi. Kwenye Microsoft Project ile ya kiofisi iliyounganishwa na seva, msimamizi ndo anatengeneza sehemu hiyo ya kujaza kwa ajili ya rasilimali, anaifunga kwenye orodha ya kuchagua, na lazima aweke tiki inayosema sehemu hii itumike kulinganisha rasilimali za Generic. Tiki hiyo isipowekwa utajaza ujuzi mpaka uchoke na kitufe cha Match hakitauangalia. Mwombe msimamizi akuangalizie hilo kwanza, ni kazi ya dakika moja.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi tunatumia Primavera P6 kwenye kazi za ujenzi. Mafundi wetu tumewagawia role na viwango vya ujuzi, wale bingwa kabisa wa kuchomelea tukawapa 5 na wanaojifunza tukawapa 1. Sasa kila tukija kujaza role kwa watu, wapangaji wanaowachukua kwa kuangalia kiwango wanatuletea wanafunzi kwenye kazi ngumu. Kuna mpangilio tumeusahau?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpangilio hamjausahau, mmeugeuza. Kwenye P6 namba inakwenda kinyume na mlivyozoea, 1 ndo bingwa, 2 ni mtaalamu, 3 ni mwenye ujuzi, 4 anaweza kazi, na 5 ni asie na uzoefu. Maneno yenyewe yameandikwa pale pale pembeni ya namba, Master juu kabisa na Inexperienced chini kabisa, lakini mtu akishaiona namba hasomi neno, na hasa kama data mliiingiza kwa mkupuo kutoka kwenye shiti ya Excel ambako kulikuwa na namba tupu. Rudini kwenye rekodi za watu mgeuze, 5 iwe 1, 4 iwe 2, 3 inabaki ilipo. Kuweni waangalifu na utaratibu wa kugeuza, mkianza kwa kubadili wote wa 5 kuwa 1 halafu mkageuza wa 1 kuwa 5 mtakuwa mmewachanganya wote kwenye chungu kimoja. Wekeni herufi za muda kwanza kwenye shiti, mkimaliza ndo mrudishe namba.

Na msidhani kila programu iko hivyo. Dynamics 365 kwa mfano inawaachia mtengeneze kipimo chenu wenyewe, mnaamua kianzie wapi kiishie wapi na kila daraja liitwe nani. Kwa hiyo mkihama programu msibebe namba, bebeni maneno.

Kuhusu viwango vyenyewe niongeze jambo moja ambalo naona linaumiza miradi mingi, watu wanaandika kiwango wanachokitamani badala ya kiwango cha chini ambacho kazi itakubali. Ukimuuliza msimamizi wa eneo la kazi anataka mchomeleaji wa namna gani atakwambia bingwa, nani atasema anataka wa kati? Lakini ukiandika bingwa kwenye kila role, mabingwa wenu watatu wataonekana wanahitajika kila mahali kwa wakati mmoja, ratiba itasogezwa mbele kuwasubiri, na wakati huo huo wale wa kiwango cha tatu wanaoweza kabisa kuunganisha vyuma visivyobeba mzigo mkubwa wamekaa. Ulizeni swali lingine: ni nani wa chini kabisa ambae mkaguzi akija ataipitisha kazi yake? Huyo ndo mumwandike. Kwenye maungio yanayotaka cheti pale andikeni cheti na msilegeze hata kidogo, maana kule mtu asie na sifa akishika kazi inabomolewa, na hilo ni jambo la usalama wa watu.

SWALI: Habari kaka, naomba unisaidie hili. Kwenye Microsoft Project nimetengeneza kishika nafasi kimoja kinaitwa Programa nikampa uniti 300% maana nataka watu watatu. Kazi ni ya saa 360, kwa wiki tatu. Stadi nilizoweka ni ukurasa wa mbele (ile sehemu anayoiona mtumiaji), databezi, na usalama wa malipo. Bosi ananiambia nimevuruga lakini hanielezi nimevuruga nini, hesabu mbona iko sawa?

JIBU: Hesabu iko sawa kabisa, watu watatu mara saa 40 mara wiki tatu ni 360, hapo hujakosea na wala 300% sio kosa, ndo njia ya kawaida ya kusema nahitaji watatu wa aina moja. Neno la kushika hapo ni aina moja. Bosi wako akisoma stadi zako hawezi kujua unamaanisha nini, je kila mmoja kati ya watatu awe na zote tatu, au timu nzima kwa pamoja iwe nazo? Wewe kichwani unajua. Programu haijui, na itachukulia maana ya kwanza, kwa hiyo itakutafutia watu watatu ambao kila mmoja anajua ukurasa wa mbele na databezi na usalama wa malipo. Watu wa namna hiyo ni adimu, na ukimpata mmoja umefungia mtu adimu wiki tatu nzima.

Hebu tuikaribie hiyo kazi ya usalama wa malipo tuone. Nimekadiria kutoka kwenye miradi ya kufanana na huo wako, jaribu na wewe kwenye orodha yako ya kazi, hesabu saa zinazohitaji kweli kweli mtu wa usalama: kupitia jinsi namba za kadi zinavyosafiri, kukagua ufichaji wake, kujaribu kuvunja na kuandika ripoti. Tuseme ni saa 24. Siku tatu. Siku tatu tu kati ya wiki tatu, lakini kwa sababu stadi imebandikwa kwenye kishika nafasi kizima, saa zote 360 zinadai mtaalamu wa usalama.

Kwa hiyo vunja. Tengeneza kishika nafasi cha pili, Mkaguzi wa usalama, 100%, chenye stadi hiyo moja peke yake, na kazi yake iwe ya saa 24 inayojitegemea kwenye ratiba yenye mwanzo na mwisho wake. Hao wengine wanabakiwa na saa 336, na nao ukiona wa ukurasa wa mbele na wa databezi ni watu tofauti watenganishe pia. Ratiba itakuwa na mistari mingi zaidi na watu wengine hawapendi hilo, lakini mimi nasimama hapo hapo, heri mistari mitano inayosema ukweli. Meneja wa idara akiona unamwomba mtaalamu wake siku tatu atakupa. Ukimwomba wiki tatu atakwambia subiri miezi miwili.

Na kuna mtego mwingine kwenye hiyo 300% ambao utakukuta mbele ya safari. Siku utakapombadilisha Programa na mtu halisi, uniti zinaweza kuhamia kwake zilivyo, mtu mmoja anajikuta kwenye kazi kwa 300%, saa 120 kwa wiki, na jina lake linageuka jekundu kwenye orodha ya rasilimali. Usishtuke, ila usiache hivyo. Mpunguzie iwe 100% halafu waongeze wenzake wawili, na kagua kwamba jumla ya saa za kazi haijabadilika, maana ukipunguza uniti ovyo programu inaweza kurefusha muda wa kazi badala ya kukusubiri uongeze watu.

SWALI: Kaka, sisi kila kitu tulikiandaa vizuri, stadi zilikuwa sawa, watu wakalingana, tukabadilisha vishika nafasi vyote kwa siku moja. Kesho yake bajeti imepanda na tarehe ya mwisho imesogea siku tisa. Mkurugenzi anauliza nani kagusa ratiba. Hatujagusa kitu, tumebadili majina tu!

JIBU: Pole sana, na mkurugenzi mwambieni ukweli kwamba mmegusa, kubadili jina ni kugusa vitu vitatu kwa mkupuo.

Kishika nafasi hakina likizo. Hakiugui wala hakina mafunzo ya siku mbili, kinafuata kalenda ya jumla, kwa hiyo muda wote ratiba yenu ilikuwa imejengwa juu ya watu wasiokosekana kazini hata siku moja. Mmemweka mtu halisi, kalenda yake imekuja nae, na kama ana likizo ya wiki katikati ya kazi iliyo kwenye njia kuu, yaani ule mfululizo wa kazi unaoamua tarehe ya mwisho, basi mradi mzima unasogea. La pili ni bei, kishika nafasi mlikipa kiwango cha gharama cha wastani, mtu aliyekuja ana kiwango chake. Na la tatu ni ule mzigo wake mwingine, kama mmeruhusu programu isawazishe mizigo ya watu itamsogezea kazi zenu nyuma ya alizonazo tayari.

Sasa cha kufanya. Kama mlihifadhi mpango wa awali, yaani baseline, kabla ya kubadilisha, linganisheni mtu kwa mtu, mtaona ni nani kaleta siku ngapi na shilingi ngapi, pengine mtakuta siku karibu zote tisa zimetoka kwa mtu mmoja na mnaweza kumrudisha kishika nafasi kwenye kazi yake moja tu mkamtafuta mwingine mwenye stadi ile ile. Kama hamkuhifadhi, fungueni nakala ya faili ya jana yake. Microsoft Project inawapa nafasi 11 za kuhifadhi baseline, moja tumieni kila mara kabla ya kuanza kubadilisha majina, hiyo nawasihi kabisa.

Tena msibadilishe wote kwa siku moja. Kazi inayoanza wiki ijayo inataka jina la mtu, kazi ya baada ya miezi sita iachieni kishika nafasi na stadi zake, maana mtu mtakaemwandika leo kwa kazi ya miezi sita ijayo mnamzuia asipangwe kwingine na huenda asiwepo. Na saa zilizofanyika kweli zisiandikwe kamwe kwenye kishika nafasi, badilisheni kabla kazi haijaanza, mkichelewa ile kazi iliyokwishaandikwa inabaki kwa "Mchambuzi" na ni iliyobaki tu inayohamia kwa mtu, mwisho wa mradi mnakuwa na saa ambazo hakuna aliyezifanya.

SWALI: Programu yetu ni ile ya kwenye kompyuta moja, haina seva na haina hicho kitufe cha kulinganisha. Tuko watu tisa. Tufanyeje?

JIBU: Mko tisa, hamhitaji kitufe. Kwenye Microsoft Project ya kompyuta moja kila rasilimali ina safu za maandishi za ziada kuanzia Text1 hadi Text30, chukueni moja muipe jina Stadi kuu, muifunge kwenye orodha fupi ya kuchagua, stadi nane au kumi zinawatosha, jazeni kwa watu wote tisa na kwa vishika nafasi vyote. Mtu akihitajika chujeni safu hiyo mtaona wenye stadi hiyo wamebaki, halafu badilisheni kwa mkono kwenye dirisha la kugawa rasilimali. Kila mtu ajaze stadi zake yeye mwenyewe akiwa amekaa na anaepanga, kwa watu tisa ni kazi ya asubuhi moja, na mkae tena kila mmoja anapomaliza mradi maana hapo ndo anakuwa amejifunza kitu ambacho safu yenu bado haina.